Unajijengea gari nyumbani? Usichimbe shimo



Mgodini unaijua kazi yako. Huingii katika tundu la zamani ambalo hewa yake haijapimwa. Husimami chini ya mzigo unaoning'inia. Ukiona mwenzako ameanguka ndani ya shimo bila sababu inayoonekana, humfuati mbio. Kwanza unapiga kelele. Mambo hayo umefundishwa, na shefu wa usalama anakukumbusha kila juma hata umechoka kumsikia.

Lakini likizo inafika, unashuka Goma kwa jamaa yako. Nyuma ya nyumba kuna shasi uliyoisudiri wewe mwenyewe, pine nne na kiti kimoja, na chini ya turubai kuna moteri uliyoinunua kutoka gari lililogongwa. Jumamosi asubuhi vijana watatu wa jirani wanakuja kukusaidia. Kofia ngumu imebaki mgodini, na mara nyingi mafundisho yote yamebaki huko pamoja nayo.

Leo ukurasa huu unasema juu ya Jumamosi hiyo. Na wewe, mama wa nyumba, usiugeuze: kuna maneno yako pia, na huenda ndiyo yenye maana kuliko yote.

Hatuji kukukataza. Kujijengea gari si wazimu. Mwaka 1957 kampuni ya Lotus ya Uingereza ilileta gari dogo lililoitwa Lotus Seven, na wateja wengi walilinunua likiwa vipande wakaliunganisha nyumbani kwao. Mwaka 1984 Mwingereza Tony Howarth alisafiri kutoka nchi za barafu za kaskazini mpaka ikweta, katika Kenya, na magari ya mbao zilizogandishwa kwa gundi, yenye vyuma vya Citroën 2CV ndani yake, aliyaita Africar. Mwaka 1986 Rais Moi aliwaomba mafundi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wajenge gari la Kenya, na mwaka 1990 yale magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa kwa watu. Biashara ya Africar ilianguka, na ya Nyayo haikufika mbali. Lakini magari yenyewe yalitembea. Na kwetu hapa, mtoto wa Goma aliyejenga chukudu kwa mti, panga na kipande cha pine ya zamani, nani atamwambia kwamba hawezi kujenga gari?

Tofauti ni kwamba chukudu haina moteri.

MZIGO USIO NA HURUMA

Moteri ndogo ya esansi yenye silinda nne, pamoja na bwati ya vitesi (wale wa Dar es Salaam wanaiita giaboksi), mara nyingi inapita kilo 150. Ya mazutu inaweza kupita kilo 250. Si uzito wa kuubeba kwa nguvu za vijana watatu na maneno ya "moja, mbili, tatu". Mmoja akiteleza, wengine wawili hawawezi kuushika, na vidole vya yule wa kwanza viko chini.

Tafuta palani ya mnyororo ya tani moja. Kama huna, azima, si aibu. Palani yenyewe mara chache ndiyo inayovunjika. Kinachovunjika ni mahali ulipoifunga. Nyumba nyingi za Goma ni za mbao, na boriti ya paa lake imewekwa ili kubeba mabati, haikuwekwa ili kubeba moteri. Ukifunga palani hapo, utateremsha moteri na paa pamoja, juu ya watu wako.

Simamisha miti mitatu ya karatusi, minene na mibichi kidogo, ukaifunge juu kwa mnyororo. Watu wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo hatari ya Goma inapoanza: miguu ya miti hiyo inasimama juu ya lava. Katika udongo mguu ungezama kidogo ukakamata. Juu ya lava unateleza polepole, kisha ghafla. Basi funga miguu yote mitatu kwa mnyororo au kamba nene huku chini, mguu kwa mguu, ili isiweze kufunguka. Kazi hiyo inachukua dakika tano.

Jambo lingine la lava. Tunaona magari mengi mjini yamesimama juu ya mawe ya lava, mwenye gari akiwa amelala chini yake akipiga mluzi. Ndugu, litazame jiwe hilo: limejaa matundu kama mkate. Linaweza kubeba mzigo asubuhi yote, halafu unapopiga nyundo kidogo linapasuka bila kutoa sauti ya kukuonya. Tofali la saruji ni hivyo hivyo. Na kriki ni ya kuinulia tu, si ya kushikilia. Tumia magogo ya mti mgumu, yaliyopangwa mawili huku, mawili huku, kama tunavyopanga miti mgodini kushika mwamba. Kisha sukuma gari kwa bega kabla hujaingia chini. Likitikisika, usiingie.

MOTERI NA BWATI VIOANE CHINI

Tutapita haraka hapa, kwa maana fundi wako anajua zaidi yetu. Nunua moteri na bwati zilizotoka katika gari moja. Matundu ya bulo ya kampuni moja hayalingani na ya nyingine, na sahani ya chuma utakayokata ili kuyalinganisha inasogeza bwati nyuma. Chuma cha bwati kinachoingia katika diski ya ambriyaji hakifiki tena pale kinapopaswa kufika. Unganisha viwili hivyo vikiwa bado chini, juu ya mbao. Panga diski katikati kwa kipande cha mti ulichokichonga kwa kipimo, ndipo bwati iingie yenyewe. Ikikataa, usiivute kwa kukaza bulo. Utapasua sikio la aliminiamu, na bei ya kosa hilo unaijua.

Na kama unachukua moteri ya Volkswagen ya nyuma ukataka kuigeuza ikae katikati ya gari, jua kwamba pine zitazunguka kinyume. Mpaka ugeuze meno makubwa ndani ya bwati, utakuwa na gari lenye vitesi vinne vya kurudi nyuma na kimoja cha kwenda mbele. Hilo halijaua mtu, lakini linaleta watazamaji wengi.

Diski ya zamani ya ambriyaji haichekeshi. Diski nyingi za miaka iliyopita, na viatu vya freni pia, zilitengenezwa kwa amianti. Vumbi lake halikohozeshi leo. Linakaa katika mapafu na kuleta ugonjwa miaka ishirini au thelathini baadaye. Wewe unayejua vumbi la mwamba hufai kuambiwa mara mbili. Usilipulize kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa. Lilowanishe kwa maji, lifute kwa kitambaa, ukitupe kitambaa katika mfuko uliofungwa. Nguo za kazi hiyo zisifuliwe pamoja na za watoto, wala mama asizikung'ute mlangoni.

SHIMO

Sasa tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Moteri ikiisha kukaa mahali pake, kuna bulo za chini, kuna kardani, kuna tiyo ya moshi. Mtu anafikiri: nikichimba shimo la kusimama chini ya gari, kama la garaji kubwa, nitafanya kazi vizuri. Wengine hawachimbi hata kidogo. Wanatumia bonde dogo lililoko tayari katika parsele, wakisema Mungu amewachimbia.

Katika miji mingine shimo la garaji ni chombo cha kazi chenye hatari zake. Katika Goma ni kaburi lililo wazi, na tunalisema neno hilo kwa makusudi.

Mazuku unayajua kwa jina. Wazee wa pande hizi waliuita hivyo upepo mbaya unaolala katika mabonde, unaoua mbuzi, mbwa na mtu aliyelala. Si uchawi. Ni gesi ya kaboniki, ile ile inayotia povu katika Fanta. Inatoka chini sana, kwenye moto wa milima yetu, inapanda kwa nyufa za lava na kutokea katika mashimo. Ina uzito kama mara moja na nusu ya hewa, kwa hiyo inakaa chini kama maji katika bakuli. Haina rangi. Haina harufu. Usiku, upepo unapotulia, inajaa. Mchana, jua na upepo vinaipunguza. Pahali pake panapojulikana zaidi ni upande wa magharibi wa mji na kando ya ziwa kuelekea Sake: Himbi, Keshero, Lac Vert, Bulengo. Lakini lava ina nyufa na mapango ambayo hakuna aliyeyachora yote, na mlima unapotapika njia za gesi zinaweza kubadilika. Nyiragongo ilitapika mwaka 1977, ikatapika tarehe 17 Januari 2002 ikaingia katikati ya mji mpaka ziwani, ikatapika tena tarehe 22 Mei 2021. Mwaka huo wa 2021, kati ya waliokufa walikuwamo watu walioshikwa na hewa mbaya walipokuwa wakivuka lava iliyokuwa bado inapoa. Kwa hiyo mtu asikuambie "baba yangu aliishi hapa miaka arobaini hakuona mazuku". Baba yake hakuchimba shimo hapa.

Hewa ya kawaida haina hata nusu ya sehemu moja kwa mia ya gesi hiyo. Ikifika 5 kwa mia, unahema kama mtu aliyepanda mlima, kichwa kinauma. Ikifika 10 kwa mia, unazimia katika dakika chache. Ikipita 30, pumzi chache zinatosha. Hupati hata nafasi ya kusema "najisikia vibaya". Na katika mabonde yetu imepimwa ikiwa zaidi ya 10 kwa mia.

Fikiri basi juu ya shimo lako. Umelichimba katika lava, pengine umefungua ufa. Umeweka gari juu yake kama kifuniko. Usiku kucha upepo haukupita. Saa kumi na mbili asubuhi unateremka na kile mkononi.

"Nitateremsha mshumaa kwanza," utasema, "kama wazee wa mgodi". Hapana! Mshumaa ukizimika, ni kweli, usiingie. Lakini umeweka moteri ya esansi juu ya shimo hilo. Mvuke wa esansi nao ni mzito kuliko hewa, nao unateremka ukakaa shimoni. Mshumaa wa kupimia mazuku utawasha esansi. Watu wa Goma hawakusahau kituo cha mafuta kilicholipuka Januari 2002, siku chache baada ya lava, kikaua watu makumi. Njia ya kupimia hatari moja ndiyo inayoita hatari ya pili, na hakuna ujanja wa kutoka hapo.

"Basi nitaazima kipimo cha gesi cha mgodini." Hilo nalo tulifikirie pamoja. Kipimo kidogo kinachofungwa kifuani, cha gesi nne, mara nyingi kinapima oksijeni, gesi za kulipuka, monoksidi ya kaboni na ile gesi yenye harufu ya yai bovu. Gesi ya kaboniki haimo. Utasema oksijeni itashuka, kipimo kitalia. Fanya hesabu: hewa ina oksijeni 20.9 kwa mia. Ukiingiza gesi ya kaboniki 5 kwa mia, oksijeni inabaki karibu 19.9. Vipimo vingi vinaanza kulia chini ya 19.5. Kwa hiyo unahema, kichwa kinapasuka, na kipimo kifuani kimenyamaza kikisema kila kitu ni kizuri.

MOSHI WAKO MWENYEWE

Juu ya mazuku, unaongeza moshi wa moteri. Huo una monoksidi ya kaboni, gesi nyingine kabisa. Mazuku inakufukuzia hewa. Hii inaingia katika damu na kukamata mahali pa oksijeni, kwa nguvu inayopita mara 200 ya oksijeni yenyewe. Ikifika sehemu 1 kwa mia katika hewa, inaweza kuua kwa dakika chache. Na moteri baridi ya zamani inatoa moshi wenye zaidi ya hiyo.

Goma tuna sababu yetu ya kuiogopa zaidi. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi. Moteri ya karbirateri iliyopangwa kwa hewa ya Mombasa inakunywa hapa esansi ile ile na hewa pungufu. Unaona nguvu imepungua, moshi mweusi, buji zimejaa masizi. Hiyo ndiyo alama ya monoksidi nyingi. Fundi abadilishe jikleri, aweke ndogo zaidi. Utaokoa esansi, na jamaa watapumua vizuri. Moteri za kisasa zenye kompyuta zinajipanga zenyewe, kama waya zake hazikukatwa wakati wa kuitoa katika gari la kwanza.

Mama, sikiliza hapa. Gari likiungurumishwa karibu na dirisha au ndani ya uzio wa mabati, na jioni watoto wawili wanasema kichwa kinauma, wanatapika, wanalegea, usiseme tu ni malaria. Watoe wote nje. Wapeleke kwa muganga, na umwambie juu ya moshi. Asipoambiwa atatafuta malaria, na kumbe wanahitaji oksijeni.

Na ukimkuta bwana yako ameanguka shimoni, tunajua moyo wako utasema nini. Usiteremke. Atakayeteremka wa pili anakufa wa pili, na wa tatu atakuwa kaka yake. Zima moteri. Piga kelele watu waje. Sukumeni gari liondoke juu ya shimo, mvuteni kwa kamba au kwa mti wenye kulabu mkiwa juu, vichwa vyenu visishuke chini ya ukingo. Akishatoka, mlaze pahali penye upepo. Kama hapumui, mpulizieni hewa kwa mdomo mpaka mfike hospitali. Kwa mtoto ni vilevile, na mtoto anatangulia kuanguka kwa sababu ni mfupi: hewa inayofika magotini mwako inafika puani mwake.

SHIMO HULIHITAJI

Gari la kujijengea lina bahati ambayo gari la dukani halina: linaanza likiwa shasi tupu. Wanaume wanne wanaiinua. Basi iwekeni juu ya magogo, kimo cha kiuno, mahali pa wazi penye upepo, kabla ya kuweka bodi, sakafu na viti. Teremsheni moteri na bwati kutoka juu. Fungeni kardani, tiyo ya moshi, tiyo za freni, kila bulo ya chini, mkiwa mmesimama na mnaona mnachofanya. Tiyo ya esansi ipite upande usio wa moshi. Usisahau waya nene wa kuunganisha moteri na shasi; ukikosekana, umeme wa demareri utatafuta njia katika kamba ya akselereta na kuichoma. Bodi iwe ya mwisho. Watu wengi wanaanza na bodi kwa sababu inapendeza machoni mwa jirani, kisha wanatafuta shimo la kuingilia chini yake.

Kama umeshachimba, jaza changarawe leo, mpaka juu. Usiweke mbao juu yake ukasema utajaza kesho. Mtoto atapaona kuwa ni nyumba.

Esansi yenyewe, unayoinunua kwa kadhafi njiani, isikae katika chupa ya Primus wala ya Fanta. Mtoto mwenye kiu hasomi. Akinywa, usimtapishe, maana kinachopanda kinaingia mapafuni, mbio hospitali. Na wewe mkubwa usiinyonye kwa tiyo kutoka bidoni, kwa sababu hiyo hiyo.

Siku ya kuwasha moteri mara ya kwanza, gari liwe nje, vitesi viwe katikati, magogo mbele na nyuma ya pine, watoto ng'ambo ya uzio. Mtu mmoja akae karibu na bateri na kile mkononi, tayari kuitoa. Mwingine na ndoo ya mchanga, si ya maji. Iache iungurume dakika kumi, uzime, utazame chini kama kuna tone. Kisha kaza tena bulo zinazoshika moteri, na uzikaze mara nyingine baada ya kilomita mia za kwanza.